Harusi Iliyokaa Barazani

Katika ofisi moja ya serikali pale Chake Chake, ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kuweka kumbukumbu za mashamba ya mikarafuu na watu waliokodishwa, kompyuta zote zilikuwa na neno la siri moja, na neno lenyewe lilikuwa "karibu". Hakuna aliyelichagua kwa mzaha. Siku kompyuta za mwanzo zilipofika, fundi aliyezileta kutoka Unguja aliwauliza wenyewe wanataka neno gani, na mkuu wa ofisi, Mzee Khatib, akaona kwamba kitu kinachokuuliza mlangoni hakina jawabu jengine la heshima. Miaka ikapita, neno likazoeleka. Akalijua karani, akalijua dereva, akalijua na mzee mmoja wa Makangale aliyekuja kufuatilia shamba la marehemu baba yake, akachoka kusubiri, akajitafutia mwenyewe.

Hali hiyo ndiyo aliyoirithi Mmanga Mjaka alipohamishiwa hapo kuwa fundi wa kompyuta, mwaka mmoja baada ya umeme wa waya wa baharini kufika kutoka Tanga. Kabla ya waya huo, jenereta zilikuwa zikizimika mara kwa mara, na virusi vya kompyuta navyo vikapata mapumziko yao. Umeme ulipokuwa wa uhakika, virusi vikaanza kufanya kazi saa zote za kazi kama watumishi wengine, na kwa kweli kwa bidii kuliko watumishi wengine.

Mmanga alikuwa mtu wa Micheweni, mrefu, mpole, sauti yake ya chini, umri wake umeivuka arubaini kidogo. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi na cheti na tabia ile ile aliyoondoka nayo, ya kutomuamini mtu yeyote na kumpenda kila mtu. Alipokwenda kuswali msikitini alivua kiatu kimoja mlango wa mbele na cha pili mlango wa ubavuni, kwa hesabu kwamba mwizi wa viatu hana haja na kimoja. Hakuwahi kuibiwa. Alichelewa kutoka tu, na watu walimzoea akizunguka msikiti peku upande mmoja. Mke wake wa kwanza waliachana kwa wema. Alikuwa amesema kwamba bwana hana ubaya wowote, ila amechoka kuishi na mtu anayeujaribu mlango mara mbili baada ya kuufunga.

Maisha yake yalikuwa mazuri na aliyajua. Alikodi nyumba ndogo Machomane yenye mdimu uani. Asubuhi alikunywa chai kwa mkate wa mofa, akenda kazini kwa miguu, akarudi. Kitu kimoja tu alichokuwa hana na alichokitaka kilikuwa Mwanamize.

Mwanamize alikuwa mjane, mwalimu wa hesabu skuli, na mdogo wake Bi Saada. Bi Saada alikuwa mkuu wa masjala, yaani chumba cha mafaili, na kwa hivyo alikuwa mkuu wa kila kitu ambacho Mzee Khatib hakupenda kujishughulisha nacho. Siku moja Mwanamize alikuja kumpitia dada yake, akakaa masjala akisahihisha madaftari ya wanafunzi huku Mmanga akimueleza Bi Saada kwamba neno la siri ni lake peke yake, asimwambie hata mumewe. Mwanamize hakuinua kichwa.

"Na lako wewe nani analijua?" aliuliza.

Mmanga akasema hakuna.

"Ukifa je?"

Mmanga akaaga, akatoka. Alilifikiri suala lile njia nzima ya kurudi Machomane, akalifikiri akinywa chai, na alipofika nalo mwisho akakuta kwamba hafikirii tena habari ya neno la siri. Baada ya muda wa kutosha kwa adabu, alimtuma ami yake, Mzee Mgeni, pamoja na wazee wawili kupeleka posa. Walipokewa vizuri. Kwa sheria mwenye kauli alikuwa kaka yao Bi Saada na Mwanamize, aliyekuwapo Wete, lakini kaka huyo kwa miaka yote ya utu uzima wake hakupata kutoa kauli kabla ya kuisikia kwa Bi Saada. Wazee wakaambiwa watajibiwa baada ya harusi ya Rawya, binti yake Bi Saada, maana nyumba moja haiwezi kufikiri harusi mbili. Ilikuwa haki. Mmanga akasubiri akiwa na furaha ya mtu anayejua kwamba anasubiri kitu.

Katikati ya kusubiri huko ndipo kirusi kilipoingia. Kilikuja ndani ya flashi ya mtu, kikayaficha mafaili yote ya mashamba na kuacha majina yake matupu, na kila aliyebonyeza jina kuona kulikoni alikisaidia kuzaliana. Msimu wa karafuu ulikuwa umekaribia na nje watu wanataka kujua nani kakodi wapi. Mzee Khatib, mtu wa tahadhari, alimwita shehe. Shehe akasoma alichosoma, akanywa kahawa, akaitazama kompyuta kwa muda, kisha akasema kwamba kwa upande wake amemaliza, na sasa aitwe fundi.

Mmanga alizitibu kompyuta moja baada ya moja, akayafichua mafaili yaliyofichika na kuyaandika upya yaliyokufa kwa kutumia majalada ya karatasi ya Bi Saada, ambaye katika kazi hiyo alimsaidia sana na hakuacha kumkumbusha kwamba karatasi haijapata kuumwa hivyo. Kisha akaanza kufunga milango. Neno "karibu" alilistaafisha bila ya sherehe. Kila mtumishi akapewa jina lake la kuingilia, akaambiwa abuni neno lake la siri na asimwambie mtu.

"Hata mimi," alisema Mmanga mbele ya ofisi nzima. "Nikija nikakuulizeni, ninyimeni."

Wakacheka, wakamuahidi kumnyima. Aliwaondolea uwezo wa kuweka programu wanazojiokotea, na kwa njia hiyo Mzee Khatib akapotelewa na mchezo wake wa karata, akaupokea msiba huo kwa subira. Nakala ya mafaili yote ikawa inahifadhiwa kwenye diski nje ya ofisi. Programu ya kinga ikawekwa, na kila ikihitaji kufanywa mpya Mmanga aliifuata mwenyewe kwenye mtandao wa posta, kwa sababu mtandao wa ofisi ulikuwa na mwendo wa mtu anayetoka mazikoni. Na kompyuta zikapangwa kujifunga zenyewe mtu akiondoka kitini. Hilo liliwauma zaidi.

"Nimekwenda kuswali," alilalamika Duni, karani msichana wa masjala. "Narudi, nakuta kitu kinaniuliza miye nani."

Mwisho aliziba njia ya flashi. Ukichomeka, kompyuta ilikutazama kama mtu aliyesahau jina lako. Mzee Khatib alitia saini amri hiyo kwa mkono mzito, akauliza kama haiwezekani kuwaachia watu wazima. Mmanga akasema kirusi hakiulizi umri.

Harusi ya Rawya ikapita salama, ikawa nzuri, na ofisi nzima ilikula pilau yake, Mmanga akiwa mmoja wao, upande wa wanaume. Lakini harusi ya Pemba haiishi siku ya harusi. Upande wa wanawake hupigwa picha za video na mwanamke mwenzao, bibi arusi yumo na nywele zake na hina yake, mashangazi wamo wakicheza kama hawatakufa, na picha hizo ni za macho ya wanawake peke yao. Zamani zilikuwa kwenye kanda. Mwaka ule zilikuwa kwenye flashi, na flashi ilizunguka mji. Ofisi kwa ofisi, wanawake hufunga mlango wakati wa chai ya saa nne, huitia ndani ya kompyuta, huangalia, husifu, hulia kidogo, hubakisha nakala kwa ajili ya waliokuwa likizo, kisha hupeleka mbele. Anayeipokea ameihudhuria harusi mara ya pili. Asiyeipokea amesema jambo.

Flashi ya Rawya ilifika masjala asubuhi moja ikiwa ndani ya bahasha, pamoja na halua ya Wete. Ilikuwa imekwishazunguka ofisi za watu wengine. Bi Saada aliiweka zamu yake iwe ya mwisho ili aangalie kwa raha. Mlango ukafungwa, halua ikakatwa, flashi ikachomekwa. Kompyuta ikamtazama. Bi Saada akaichomoa, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaichomeka tena. Kisha akaufungua mlango na kumwita Mmanga.

"Kitu kino hakiisomi," alisema.

"Hazisomi flashi yoyote sasa, Bi Saada. Nimeziba."

"Zibua."

Mmanga alisimama kizingitini. Alijua vizuri anasema na nani, na alijua kwamba jawabu la posa yake halijatoka. Alitafuta njia ya katikati, akaipata, akaitoa kwa sauti yake ya upole.

"Nipe mimi kwanza, niende nayo kwenye kompyuta yangu nikaikague. Ikiwa safi nakurudishia."

Duni aliirudisha halua kwenye sahani.

"Ukaikague," alisema Bi Saada.

"Kama ina wadudu."

"Mwanangu ana wadudu."

"Si mwanao, Bi Saada. Flashi."

"Na ndani ya flashi mna nani?"

Hapo ndipo Mmanga alipoona alikofika. Angeweza kueleza kwamba kukagua si kuangalia, kwamba programu hupita juu ya picha bila ya mtu kuona hata kidole cha hina, na maelezo hayo yangekuwa ya kweli kabisa, na hakuna mwanamke hata mmoja ndani ya chumba kile ambaye angeyaamini. Akarudi mezani kwake. Alikuwa ameikataa harusi ya watu, na papo hapo ameomba aende nayo faragha.

Yangeweza kuishia katika kicheko, lau si jina la baba yake. Marehemu Mzee Mjaka alikuwa mtu wa chama. Baba yake Bi Saada naye alikuwa mtu wa chama, chama chengine. Vyama vilipokuja kuwa vingi na uchaguzi wa mwanzo ukaacha moyo mbaya, watu wa kisiwani walisusiana kwa ukamilifu ambao hawakupata kuuonesha katika jambo jengine lolote: duka la huyu hununui, maziko ya yule huendi, gari ya fulani hupandi hata kama mvua inanyesha. Katika miaka hiyo, kaka yake Bi Saada alipooa, kadi ya mwaliko ilipelekwa kwa Mzee Mjaka na ikarudi haijafunguliwa. Baadaye wakubwa wakapatana, serikali ikawa ya wote, na watu wakaanza kununua sukari kwenye duka lililo karibu. Kadi ile haikutajwa tena, maana yake ni kwamba kila mtu aliikumbuka.

Kwa hivyo kabla ya adhana ya adhuhuri habari ilikuwa imeshafika sokoni kwa maneno machache: mtoto wa Mjaka kairudisha harusi.

Mmanga aliyaona mabadiliko katika salamu. Hakuna aliyeacha kumjibu, maana kujibu ni wajibu. Walimrudishia ile ya wajibu tu, bila ya rehema wala baraka juu yake, na bila ya kumuuliza ameamkaje na nyumbani hawajambo. Chai ya saa nne ililetwa mezani kwake badala ya yeye kuitwa. Kaka wa Wete, aliyekuwa akipokea simu za Mzee Mgeni kwa furaha, akaanza kuwa shamba kila anapopigiwa, na inasemekana hana shamba.

Mzee Mgeni alikuja Machomane alasiri, akakaa chini ya mdimu, akataka kuelezwa.

"Umekataa harusi ya watu," alisema.

"Nimekataa kirusi, ami."

"Kiko wapi?"

"Hakionekani."

"Basi watu wamekiona ulichokikataa, na hicho unachosema ndicho hukioni hata wewe." Akalichuma dimu moja, akalinusa. "Na mke unamtaka?"

Mmanga akasema anamtaka.

"Fungua basi hako katundu."

Mzee Khatib naye alitoa shauri hilo hilo kwa lugha ya kiofisi: afungue asubuhi, wanawake waangalie harusi yao, afunge mchana, na yeye Khatib atakuwa amekwenda bandarini Wesha kuangalia mzigo. Mmanga alilipima shauri lile kwa uaminifu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kubonyeza mara mbili. Asingejua mtu, angejibiwa posa, na angekaa uani kwake na Mwanamize akisahihisha madaftari. Kilichomzuia hakikuwa ushujaa. Flashi ile ilikuwa imepita ofisi zote za mji, msimu ulikuwa umeanza, watu walikuwa kwenye foleni kuulizia mashamba yao, na yeye alikwishaandika mafaili yale upya mara moja na vidole vyake vilikuwa vikikumbuka. Kisha aliona kwamba mlango unaofunguliwa kwa ajili ya shemegi mtarajiwa utafunguliwa na kwa binamu, na baada ya binamu hakuna haja ya kuwa na mlango.

Akaamua kwenda kuomba radhi, ambako ni bure. Alikwenda baada ya alasiri, nyumbani kwa Bi Saada, mtaa wa Tibirinzi, amevaa kanzu, amechukua tende. Alipiga hodi. Mume wa Bi Saada alikuwa safarini Unguja, kwa hivyo ikasikika sauti ya Bi Saada kutoka ndani ikimkaribisha, na karibu hiyo ilikuwa na mipaka yake inayojulikana: Mmanga akakaa barazani, kwenye mkeka, nje ya mlango. Kikatoka kikombe cha kahawa na kisahani cha visheti, vilivyoletwa na mama mzee wa nyumba ile. Pazia la mlangoni likabaki limeshuka. Mazungumzo yakafanyika kupitia pazia.

Alisema alilokuja kusema, kwamba hakukusudia kuidharau harusi wala kumvunjia heshima Rawya. Bi Saada alijibu kwamba amesikia. Hakusema amekubali. Mmanga akala kisheti. Kilikuwa kizuri. Akala cha pili. Upepo ulikuwa mwanana, kahawa ilikuwa na tangawizi ya kutosha, na ghafla akatambua kwamba yeye, mwanamme mgeni asiyeruhusiwa kuvuka pazia lile, amekaa hapo nje kwa raha zake na hajaona hata chembe ya tusi. Amepokewa. Amekirimiwa. Hakuna aliyemwambia aende zake, na hakuna aliyemwambia aingie. Akiwa mtu mwema, atavuka siku yake itakapofika. Akiwa mbaya, ubaya wake utakuwa umeishia kwenye mkeka.

Akakaa na kisheti mkononi.

"Bi Saada," alisema, "mgeni mnayemkalisha barazani, nani anayemtazama kama ni mtu wa kuingia ndani?"

"Mwenye nyumba," lilijibu pazia. "Nani mwengine?"

Kabla hajasema alilotaka kusema, ikaja sauti nyengine kutoka mbali zaidi, kutoka upande wa uani, ya mtu asiyeinua kichwa kutoka kwenye madaftari.

"Muulizeni huyo fundi. Suala langu hajanijibu. Akifa je?"

Mmanga aliweka kikombe chini.

"Nataka kupata mtu wa kumwambia," alisema.

Kisha Bi Saada akasema, kwa sauti kavu, kwamba visheti vikiisha vipo vyengine.

Kesho yake asubuhi Mmanga aliingia chumbani kwa Mzee Khatib kuomba kompyuta. Ilikuwapo moja kuukuu, imekaa kwenye kona miaka, na ofisi iliitumia kuwekea chupa ya chai. Mzee Khatib aliitoa bila ya kinyongo, ila aliuliza chupa itakaa wapi. Mmanga aliisafisha, akaitoa mende, akaiwekea mfumo mpya na programu ya kinga, na waya wa mtandao hakuuchomeka. Aliukata kabisa, wote wauone umekatwa. Kompyuta ile haikujuana na nyengine yoyote mule ofisini. Kirusi kikiingia humo, kimeingia kisimani. Akaipeleka masjala, akaiweka nyuma ya makabati ya majalada, mahali ambapo Duni alitundika kanga kuwa pazia.

"Hii ndiyo baraza," aliwaambia. "Kila flashi inakaribishwa. Inakaa hapa, inakaguliwa hapa, inaangaliwa hapa hapa. Ndani haivuki."

"Na anayekagua nani?" aliuliza Bi Saada, jicho lake likiwa kwenye bahasha.

"Mwenye nyumba."

Akamfundisha kwa flashi tupu. Bi Saada aliielewa kazi ile kwa haraka kuliko watu wengi aliopata kuwafundisha Mmanga, kwa sababu, alisema, ni kazi ya kuchagua mchele: unaumwaga kwenye ungo, huuli mpaka umeutazama, na akija mtu kukuhimiza humsikilizi. Alipokuwa tayari, Mmanga akatoka, akafunga mlango, akasimama ukumbini, akatoa maelekezo kupitia ubao wa mlango. Watu waliokuja kuulizia mashamba walimkuta fundi wa serikali akizungumza na mlango, wakakaa kwenye benchi kusubiri kwa adabu.

"Bonyeza pale palipoandikwa kagua."

"Nimebonyeza."

"Usifungue kitu bado."

"Sijafungua. Kinatembea." Mmanga akaegemeza sikio mlangoni. "Kimeandika nyekundu."

"Kimeandika nini?"

"Kimeandika wamo."

"Wengi?"

Sauti ya Bi Saada ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mama aliyemrudisha mtoto kutoka matembezini akamkuta na chawa.

"Wamejaa," alisema. "Mwanangu amezungushwa mji mzima na wadudu juu yake, na watu wanakula halua."

Akafundishwa kuwaua, akawaua wote, akakagua tena kwa kutoridhika, na mara ya tatu kwa raha. Hapo ndipo harusi ya Rawya ilipoangaliwa, nyuma ya kanga, mlango umefungwa, na vigelegele vikasikika mpaka chumbani kwa Mzee Khatib. Mmanga aliitwa chai. Aliitwa kwa jina, na salamu ikarudi na rehema zake na baraka zake, na akaulizwa mdimu wake unazaa.

Bi Saada hakuishia hapo. Alifuatilia njia ya flashi ile ofisi moja baada ya moja, kwa simu, mpaka akaipata nyumba ya wadudu wale, ofisi ya jirani ambayo haina haja ya kutajwa, na wanawake wa huko wakaambiwa kwa maneno ya upole sana kwamba wakitaka kupelekewa harusi nyengine yoyote kutoka masjala, nao wawe na baraza. Ndani ya miezi michache kompyuta kuukuu zilizokuwa zikiwekewa chupa za chai zikaanza kuadimika pale Chake. Mmanga alikwenda kuziandaa mwenyewe, akalipwa visheti. Na kuhusu kadi iliyorudi zamani, Bi Saada aliitaja mara moja tu, akipanga mafaili, bila ya kumtazama mtu: huenda Mzee Mjaka naye, alisema, hakuwa na baraza.

Jawabu la posa lilitoka Wete. Kaka, aliyerudi kutoka shamba, alimpigia Mzee Mgeni kumwambia kwamba amekaa, amefikiri kwa kina, na kauli yake ni kwamba wamekubali. Mzee Mgeni alimshukuru kwa busara yake.

Wakaoana baada ya msimu. Harusi ilikuwa ya kiasi, kama inavyofaa kwa watu waliokwishaoa na kuolewa, lakini upande wa wanawake, kwa ilivyohadithiwa, haukujua kama ni ya kiasi. Mwanamize akahamia Machomane na madaftari yake. Neno la siri la Mmanga aliambiwa usiku wa mwanzo, akalisikiliza, akasema ni fupi, likabadilishwa.

Siku Mmanga aliporudi kazini kutoka likizo, mkewe alimpa bahasha ampelekee dada yake. Ndani yake mlikuwa na flashi. Mmanga aliibeba kwa moyo mweupe; aliyeipiga video ile alikuwa mtu wa kuaminika, na Mmanga mwenyewe ndiye aliyezitengeneza kompyuta za duka la huyo mpigaji. Akaifikisha masjala, akaitoa, akapewa salamu zote anazostahiki bwana arusi, mlango ukafungwa. Alikuwa hajafika mezani kwake alipoitwa.

Bi Saada alikuwa amesimama kizingitini, flashi kaishika kwa ncha mbili za vidole.

"Shemegi," alisema, "hii nayo wamo."

Mmanga akasema haiwezekani.

"Kimeandika nyekundu."

"Labda kimekosea. Hebu niingie nikitazame."

"Utazame nini? Mkeo yumo humu na dada zake wote."

"Basi nipe neno lako la siri, nikiangalie usiku wakati hamupo. Sitafungua picha. Nitaangalia kinga tu."

Nyuma ya Bi Saada, Duni alianza kucheka kwa sauti ya chini. Bi Saada hakucheka. Alimtazama Mmanga kwa huruma ambayo watu huwawekea maharusi.

"Ulitwambia ukija kutuuliza tukunyime," alisema.

Mmanga alikuwa fundi. Alijua njia ya kuingia kwenye kompyuta ile bila ya kumuomba mtu. Hakuifikiria hata kwa muda wa kuivua kofia na kuirudisha. Alisimama pale, akiwa amezuiwa na mlango alioutengeneza kwa mikono yake, ukilindwa na mtu aliyemfundisha, juu ya harusi yake mwenyewe, na hakukumbuka kazi yake nyengine yoyote iliyopata kumridhisha kiasi kile.

"Basi isafishe," alisema. "Miye nasubiri."

"Subiri," alisema Bi Saada. "Benchi hilo hapo."

Akakaa kwenye benchi la ukumbini, katikati ya wazee wawili waliokuja kuulizia mashamba yao. Baada ya kitambo Duni akamtolea kikombe cha chai na kisahani cha visheti, akarudi ndani, akafunga mlango, na Mmanga akamsikia akiujaribu mara mbili.